Kaa la Sita

Katika mji ule usio na jina hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto wake mwenyewe. Moto ulikuwa na Nyumba yake juu ya kilima, ghorofa tatu za mawe, na upande unaoutazama mji ilikuwa na dirisha moja pana. Aliyetaka kuoka mikate, kufua vyuma au kuchoma matofali alipeleka chungu chake kwa mawakala wa chini ya kilima, na mawakala wakapanda kumletea makaa. Alipewa makaa kumi, mwisho wa mwezi akarudisha kumi na mawili. Usiulize kaa la mwezi mzima linabakije kaa. Katika mji ule lilibaki. Yale mawili ya juu yaliitwa makaa ya ziada, na kupanga idadi yake ndiyo iliyokuwa kazi pekee ya watu watano waliokaa ndani ya Nyumba. Ukisikia hivyo unaweza kudhani walikuwa wakila bure. Wote watano walikuwa wamekonda.

Sikitu alikuwa wa tano kati yao. Humo ndani jina lake halikuwa na matumizi. Aliitwa Kiti cha Tano, na baada ya miaka minne hata akiota alijiota akiwa kiti, miguu minne, mgongo umenyooka, akisubiri kukaliwa. Asubuhi alijipapasa mikono kwanza ndipo akaamka. Jambo hilo halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni swali alilokuja nalo siku ya kwanza: nani alitupa sisi watano ruhusa ya kuamua nani apate joto na nani apigwe na baridi? Alikuwa ameliuliza mara moja mbele ya wenzake. Mzee Rwekaza, mwenye Kiti cha Kwanza, alimjibu kwa upole kwamba ruhusa imeandikwa kwenye karatasi, karatasi imo kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo upo. Yakaishia hapo.

Sasa kuhusu vibaba, maana bila vibaba habari hii haieleweki. Vibaba vyote vya mji vilichongwa kwa mti wa aina moja. Fedha yao ilikuwa vipande vya shaba, na kipande kimoja kilinunua kibaba kimoja cha unga. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hakuna mwenye duka aliyethubutu kukuomba vipande viwili kwa kibaba kimoja. Lakini matanuri yote yakiwaka kwa pamoja, hewa ya mji ilikauka, na ule mti ukaanza kusinyaa. Kibaba kiliendelea kuitwa kibaba. Kipande kiliendelea kuitwa kipande. Unga uliomo ndani ndio uliopungua, leo kwa punje, mwezi ujao kwa kiganja, na mama aliyezoea kulisha watu sita kwa vibaba viwili alijikuta anakwangua sufuria na wawili hawajala. Hakuna aliyemwibia, au tuseme hakuna ambaye angeweza kumkamata.

Ndani ya Nyumba kulikuwa na kibaba cha jiwe kisichosinyaa, na sheria ilisema vibaba vya mji visipungue kwa mwaka zaidi ya unene wa ukucha mmoja. Wageni waliuliza kwa nini hata huo ukucha. Mzee Rwekaza aliwaeleza kwamba mahali ambapo kibaba hakisinyai kabisa watu huahirisha kununua, wanangoja kesho, na kesho wanangoja tena, hadi matanuri yanazimika kwa kukosa wateja. Iliwahi kutokea enzi za babu zao. Sikitu aliamini, ingawa alitamani siku moja amwone aliyekula huo ukucha.

Dawa ya joto ilikuwa moja tu. Watano waliongeza kaa la ziada. Makaa yakiwa ghali watu huchukua machache, baadhi ya matanuri hupumzika, hewa hupata unyevu, mti huacha kusinyaa. Ni dawa inayofanya kazi, na hilo hata maadui wa Nyumba hawakulibishia. Ila dawa yenyewe haikujua kuchagua tanuri la kulipumzisha.

*

Lile dirisha pana lilikuwa na kioo kinene mno, kinene kiasi kwamba mwanga ulioingia kutoka mjini ulichukua miezi sita kupenya hadi ndani. Aliyesimama dirishani hakuuona mji, aliuona mji uliokuwapo miezi sita nyuma. Kanuni za Nyumba zilisema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, na kila mjumbe aliukariri ukurasa huo siku ya kula kiapo. Watu wa mjini hawakuambiwa. Iliaminika kwamba wangeogopa. Sasa simama wewe pale, uone moshi umetanda, uone wanaume wamevua mashati kwa joto, wanawake wanajipepea kwa vifuniko vya vyungu, halafu ujiambie kwamba hayo yote yamekwisha. Unajiambia, na macho hayakubali.

Ingekuwa rahisi zaidi kutoka nje na kutazama. Zamani wajumbe walitoka. Lakini siku moja Kiti cha Pili alionekana sokoni akinunua koti zito, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa unagombania makoti mazito kwa kuamini kwamba baridi inakuja, na wauza vipepeo vya ukili vya kujipepea wakalala njaa miezi miwili. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba mji ukiwa na joto mjumbe asitoke, wala barua isiingie. Na siku saba za mwisho kabla ya kikao zikafanywa siku za ukimya: hakuna kuzungumzia moto, hakuna kuandika barua, na chai inanywewa ya baridi, ili mtu asije akaamua mambo ya mji kwa sababu ya kikombe.

Siku ya kwanza ya ukimya, Sikitu alisimama dirishani na chai yake ya baridi, akajiona.

Alijiona anatoka kwenye tanuri la mdogo wake, Chande, amekumbatia mkate wa moto kwa mikono miwili. Alikuwa mnene kidogo kuliko sasa. Chande alisimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi, anaonyesha kwa kidole mahali atakapojenga mdomo wa pili wa tanuri. Kioo hakikupitisha sauti, lakini Sikitu hakuihitaji. Maneno yale aliyakumbuka yote.

“Dada, nasikia kaa la ziada litapanda,” Chande alikuwa amesema.

“Nani kakwambia?”

“Watu.”

“Watu hawakai na sisi. Tumetangaza wenyewe kwamba yatabaki mawili kwa muda mrefu ujao. Au hukulisikia tangazo?”

“Nimelisikia. Ila wewe ni dada yangu, nakuuliza wewe.”

“Na mimi nakujibu. Chukua makaa, ujenge.”

Hakumdanganya. Mji ulikuwa unatoka kwenye mwaka wa baridi kali, watu walikuwa wamejifungia ndani hadi wakasahau majina ya mitaa, na Nyumba ilikuwa imeshusha makaa ya ziada na kutangaza kwamba hayatapanda, makusudi ili watu wapate moyo. Wote watano waliliamini tangazo lao. Chande alichukua makaa mia mbili.

Yule Sikitu wa dirishani aligeuka kuondoka, akasimama, akatazama juu kilimani. Alimtazama huyu wa ndani usoni kabisa. Huyu wa ndani alirudi nyuma hatua moja na chai ikamwagika. Wote wawili walikuwa yeye, na ni mmoja tu kati yao aliyekuwa na uhakika.

*

Kilichofuata baada ya mkate ule, wiki chache baadaye, kilikuwa ni Mwalimu Fikirini. Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, akastaafu na sanduku la vipande. Alikuwa amejipigia hesabu vizuri kama alivyowafundisha wengine: vipande vingapi, vibaba vingapi kwa siku, miaka mingapi hadi kufa, na juu yake akajiongezea miaka miwili ya tahadhari. Siku hiyo alipanda kilima polepole, akasimama kwenye geti la Nyumba na kibaba mkononi, akaomba mjumbe yeyote. Aliyekuwa karibu na geti ni Sikitu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Tia mkono humu.”

Sikitu alipitisha mkono katikati ya nondo, akauingiza kibabani. Viliingia vidole vinne, kidole gumba kikabaki nje.

“Nilipostaafu uliingia mkono mzima na ukageuka humo ndani,” Mwalimu alisema. “Nilidhani nimekosea hesabu. Nimezirudia mara kumi na moja. Sikukosea. Nyinyi mmenibadilishia kipimo katikati ya mtihani.”

“Tunaliona, Mwalimu.”

“Mwoka mikate, kibaba kikisinyaa, anapunguza mkate. Fundi anaomba ujira zaidi. Mimi nipunguze nini? Nipunguze siku?”

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anayetaka kusaidiwa kutafuta jibu. Katika kikao kilichofuata makaa ya ziada yalitoka mawili yakawa matatu. Mwezi na nusu baadaye yakawa manne. Mwezi na nusu tena, matano. Mara zote tatu Sikitu alinyanyua mkono bila kusita, na mara zote tatu aliyemwona mbele yake ni Mwalimu. Kuhusu Chande alijiambia kwamba Chande ni kijana, ana mikono, atajitahidi.

*

Alasiri ya siku ileile ya kwanza ya ukimya aliingia Lukindo na kapu. Kazi ya Lukindo ilikuwa kupita sokoni kabla ya kila kikao na kununua vitu vilevile kwa vipande vilevile: unga, chumvi, mafuta, kitambaa, dawa ya kuhara, sanda, na utambi wa taa. Orodha ilipangwa miaka mingi nyuma. Utambi ulikuwa umebaki kwa muuzaji mmoja mji mzima, na muuzaji huyo aliishi kwa kuiuzia Nyumba. Vitu vililetwa, vikapimwa kwenye kibaba cha jiwe, na Lukindo alitakiwa ataje vipimo na asiseme neno jingine.

“Kibaba kimepungua robo ya ukucha tangu kikao kilichopita,” alisema. “Kipindi cha nyuma yake kilikuwa nusu.”

“Kwa hiyo bado kinapungua,” Mzee Rwekaza alisema.

“Kinapungua, Mzee. Ila…”

“Ila si kipimo, Lukindo.”

Lukindo alikunja orodha yake. Miezi ya joto alizoea kuingia kifua wazi, jasho linamtiririka hadi kwenye orodha. Leo alikuwa amejifunga blanketi la kijivu kutoka mabegani hadi magotini, na ndani ya Nyumba, ambamo jiko lilitoa joto lilelile mwaka mzima, hakulivua. Sikitu alipompokea kapu vidole vyao viligusana. Vidole vya Lukindo vilikuwa vya baridi kabisa. Alimtazama Sikitu, kisha akatazama chini, akatoka.

Hapo Sikitu akajua. Nje kulikuwa na baridi, na huenda ilikuwapo kwa wiki nyingi. Robo ya ukucha ilikuwa ya mwanzo wa kipindi. Mti hauna haraka, huendelea kusinyaa kidogo hata joto likishaondoka. Kile kioo kiliendelea kuwaonyesha moshi wa siku za makaa mawili, na wao kwa kuuona moshi walikuwa wakiongeza dawa juu ya dawa ambayo mgonjwa alikuwa ameshaimeza.

Ukutani kulikuwa na sahani ya shaba. Mjumbe yeyote, siku yoyote, hata siku za ukimya, akiigonga, kikao hukaa saa hiyohiyo. Ilikuwa haijagongwa kwa miaka tisa. Sikitu aliisogelea hadi akauona uso wake humo, pua imevimba, macho yamekwenda pembeni.

Nikigonga, alijiambia, wataniuliza nimejuaje. Nitasema blanketi. Watasema blanketi halimo kapuni. Nitasema vidole. Vidole vya nani? Vya Lukindo. Halafu mmoja wao, Kiti cha Pili, lazima atakuwa Kiti cha Pili, ataniuliza kwa sauti ya kirafiki: una ndugu mwenye tanuri? Ninaye. Ana makaa mangapi? Mia mbili, na mdomo wa pili. Nani alimshauri?

Hapo sitajibu.

Na kama nisingekuwa na ndugu? Tuseme Chande si mdogo wangu, ni Chande wa watu wengine, je, vidole vya Lukindo vingekuwa na joto? Visingekuwa. Basi gonga. Mbona mkono haunyanyuki? Haunyanyuki kwa sababu sijui anayeunyanyua ni mjumbe au ni dada, na wote wawili wamevaa gauni moja.

Siku saba si nyingi. Baridi iliyopo leo itakuwapo siku ya saba. Nikisema siku ya saba, zamu yangu ikifika, kwa utaratibu, hakuna atakayekuwa na la kuniambia.

Akaiacha sahani. Aliondoka pale akijiona mtu mwadilifu, na niseme ukweli, alijisikia vizuri. Alikula chakula chote cha jioni ile. Siku tano zilizofuata alishinda dirishani. Kwenye kioo Chande alikuwa anajenga mdomo wa pili, tofali juu ya tofali, anapangusa jasho kwa kiwiko, na kwa jinsi kinywa chake kilivyokuwa kinakwenda ni wazi alikuwa anaimba.

*

Siku ya saba wakakaa. Mzee Rwekaza hakuwa mtu mbaya, na msomaji asimfanye hivyo. Alikuwa ameshuhudia Nyumba ikiacha dawa mapema mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili vibaba vilianza tena kusinyaa na ikabidi makaa ya ziada yafike kumi.

“Napendekeza la sita,” alisema. “Tukiacha sasa tutakuja kulipia zaidi. Na watakaolipa ni wale wasio na pa kukimbilia.”

Kiti cha Pili aliunga mkono. Kiti cha Tatu alisema robo si nusu, yabaki matano. Kiti cha Nne alisema hivyohivyo, kwa maneno mengi zaidi. Wakageuka wote kumtazama Sikitu.

“Yabaki matano,” Sikitu alisema.

“Sababu?”

“Lukindo alikuja amejifunga blanketi.”

Kiti cha Pili alitabasamu. “Blanketi halimo kwenye kapu.”

“Najua. Lakini Lukindo alikuwamo ndani ya blanketi.”

Mzee Rwekaza aliweka kalamu chini. “Kiti cha Tano, una jambo la kukieleza kikao?”

“Ninalo. Nina mdogo wangu ana tanuri. Alichukua makaa yakiwa mawili, na mimi ndiye niliyemwambia achukue. Sauti yangu mnaweza kuihesabu, mnaweza kuiacha.”

Kila mmoja pale alijua maana yake. Ikiachwa, wanabaki wawili kwa wawili, na kwa kanuni Kiti cha Kwanza ndicho kinachoamua. Mzee Rwekaza, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, alimwita kwa jina.

“Sikitu, uliliona hilo blanketi lini?”

“Siku ya kwanza.”

“Na sahani ipo ukutani.”

“Ipo.”

“Hukuigonga. Mtu anayempigania ndugu yake hangoji siku saba.” Akachukua kalamu. “Nitaihesabu.”

Hivyo makaa ya ziada yakabaki matano, na kaa la sita halikuzaliwa. Walitumia saa tatu kupanga tangazo la maneno kumi na tisa, kwa sababu mjini kila neno la Nyumba hupimwa kuliko unga. Walipomaliza, Mzee Rwekaza alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimfungulia Sikitu geti kwa mkono wake mwenyewe.

“Nenda ukautazame mji,” alisema. “Urudi utuambie.”

*

Baridi ilimpokea hatua ya tatu tu kutoka getini. Haikuwa baridi ya kuua mtu. Ilikuwa ya kumfanya mtu akae ndani na mikono kwapani. Mtaa wa wafua vyuma ulikuwa kimya. Mitaa mingine ilikuwa na moshi kidogo, watu wakifanya kazi zao bila haraka. Kwenye kona alikutana na Mwalimu Fikirini, amevaa sweta mbili, kibaba kwapani.

“Tia mkono, mwanangu,” Mwalimu alisema hata kabla ya salamu kuisha. Viliingia vidole vinne, sawasawa na siku ile ya getini, na kidole gumba kikabaki nje. “Wiki tatu sasa hakijasinyaa. Nimekipima kila asubuhi. Hakijarudi nilipokiacha, hilo nimekubali, lakini kimesimama. Nimepiga hesabu upya. Nikila mara mbili kwa siku nafika.”

“Nimefurahi, Mwalimu,” Sikitu alisema, na ni kweli alifurahi.

“Waambie wenzako ahsanteni. Nyumba imefanya kazi.” Akajifunga sweta vizuri. “Naufuata mkate ng'ambo ya daraja. Siku hizi huku kwetu hakuna.”

Sikitu aliaga na kuongeza mwendo. Alipofika kwa Chande hakubisha hodi. Midomo yote miwili ya tanuri ilikuwa imezibwa kwa udongo, kama ilivyo desturi ya mji ule kwa tanuri lililokufa, na katikati ya kila udongo kulikuwa na alama ya kiganja cha mwenyewe. Udongo ulikuwa umeshakauka na kupasuka nyufa. Chande alikuwa amekaa kwenye gunia tupu, anasugua masinia kwa mchanga, yaliyo safi ameyapanga mlangoni kwa ajili ya kuuza.

“Karibu, dada,” alisema. “Mkate hakuna.”

“Lini?”

“Siku ya nne ya ukimya wenu.”

“Yamebaki matano, Chande. Tumeamua leo.”

“Nimesikia imetangazwa.” Alibadilisha sinia. “Mawakala walikuja siku hiyo ya nne. Walisema Nyumba ikinyamaza hivi huwa inaongeza, kila mtu anajua, wakataka makaa yao kabla hayajafika sita. Nikawaomba wanipe hadi kikao. Wakasema kikao ni mbali.”

“Siku tatu.”

“Siku tatu.”

Sikitu alitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akaishia kuchukua sinia moja na kulishika. Kuna jambo alitaka asiulizwe, na alijua litaulizwa, kwa sababu Chande tangu utotoni aliuliza vitu kwa mpangilio.

“Ulijua lini kwamba tunapigwa na baridi?”

“Siku ya kwanza.”

“Na mngeweza kukaa siku hiyo?”

“Ningegonga sahani, tungekaa.”

“Wangesema umeigonga kwa ajili yangu,” Chande alisema.

“Ndiyo.”

“Na ungekuwa umeigonga kwa ajili yangu?”

“Sijui. Nimejiuliza siku zote saba, hadi sasa sijui.”

Chande aliitika kwa kichwa. Hakuonekana na hasira, na hilo lilimwumiza Sikitu kuliko ambavyo hasira ingemwumiza. “Mimi nilidhani umeamua hivyo kwa kujua,” alisema. “Maana ulikuwa unaniona.”

“Nilikuwa nakuona wapi?”

Alionyesha kwa kidevu. Kutoka mlangoni pale, juu ya mapaa, dirisha la Nyumba lilionekana lote, linang'aa. “Tangu yalipofika manne. Kila asubuhi kabla sijafungua nilisimama pale nje, peupe, nikakupungia mkono. Nilijua barua haziingii. Nikasema dada yuko dirishani, ananiona, siku akiweza atafanya kitu. Siku nyingine nilikuonyesha kwa vidole yamebaki makaa mangapi. Majirani walinicheka sana.”

Sikitu alikaa chini, palepale kwenye unga uliomwagika. Alimweleza habari ya kioo kwa maneno machache, kwa kuwa hayakuhitajika mengi. Chande alimsikiliza hadi mwisho na sinia limelala mapajani.

“Kwa hiyo hukuniona hata siku moja.”

“Bado.”

“Bado,” Chande alirudia. Akafikiri. “Utaanza kuniona lini?”

Hesabu za namna hiyo zilikuwa ndiyo kazi ya Sikitu na hakuhitaji vidole. Makaa yalifika manne miezi mitatu iliyopita. “Baada ya miezi mitatu,” alisema. “Halafu kila asubuhi, miezi mitatu mingine.”

“Hadi siku ya nne. Siku ile sikupunga, nilikuwa na udongo mikononi.” Chande aliliokota tena sinia, akalipuliza mchanga. “Basi asubuhi hizo zikianza kufika, dada, wewe usisimame dirishani.”

“Ndiyo kazi yangu, Chande,” Sikitu alisema. “Nimeapa kuangalia.”